Theluji Marekani siku mbili tatu mbele: achana na picha ya wingu kwenye simu, tafuta mstari umelala wapi

Kuanzia Desemba mpaka Machi magroup ya WhatsApp ya Waswahili wa Marekani yanajaa skrinshoti za hali ya hewa. Wa Louisville, Kentucky, kaandikiwa inchi 6 za theluji, wa Lexington, ambapo ni mwendo wa saa moja na kitu tu kwa gari, kaandikiwa inchi 1, wa Greensboro, North Carolina, kaandikiwa mvua tupu, alafu kesho yake asubuhi namba zote zimebadilika na watu wanaanza kusema hawa jamaa wanabahatisha. Hawabahatishi. Utabiri wa siku mbili tatu mbele umekuwa mzuri sana miaka hii, tatizo ni kwamba apu ya simu inakupa namba moja na kapicha ka wingu wakati habari yenyewe haikai kwenye namba moja. Dhoruba kama inakuja wataalamu wanajua, karibu kila mara wanajua mapema, kinachowasumbua mpaka dakika za mwisho ni ule mpaka wa baridi na joto, yaani ule mstari, utalala wapi. Ukielewa hilo unaanza kusoma utabiri vizuri zaidi kuliko mtu anayeangalia kapicha.

Tuanze na ramani. Marekani bara ina upana wa zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Pasifiki mpaka Atlantiki, na ile milima yake mikubwa, Rockies upande wa magharibi na Appalachia upande wa mashariki, yote imejipanga kaskazini kwenda kusini. Hakuna mlima hata mmoja uliolala mashariki-magharibi wa kukinga baridi ya Kanada, kwaiyo hewa iliyokaa wiki nzima juu ya barafu kule karibu na Aktiki ikianza kushuka inateleza kwenye zile tambarare za Dakota, Nebraska, Kansas, Oklahoma, inaingia Texas moja kwa moja. Huku chini, Ghuba ya Meksiko inaleta hewa ya joto yenye unyevu mwingi. Hizi mbili zinakutana katikati ya nchi, na juu yake, kilomita kama 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mto wa upepo unaoitwa jeti strimu ambao ndo unaamua baridi ishuke kiasi gani na dhoruba zipite njia ipi. Ukijipinda kuelekea kusini, baridi inashuka nao.

Mfano ambao watu wetu wa Texas hawausahau ni Februari 2021. Tarehe 16 uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth ulishuka mpaka nyuzi -2 za Fahrenheit, yaani kama -19 za Selsiasi, kwenye mji ambao nyumba nyingi mabomba yake hayakujengwa kwa baridi ya aina hiyo. Utabiri ulikuwepo siku kadhaa kabla, tena ulikuwa sahihi. Kilichoanguka ni umeme, zaidi ya nyumba milioni 4 zikakaa gizani, na hesabu rasmi ya jimbo ilifika vifo 246. Naomba niseme hapa hapa kabla sijaendelea maana hili ndo linaniuma kuliko yote: baadhi ya waliokufa hawakuuliwa na baridi, waliuliwa na hewa ya kaboni monoksaidi, mtu kawasha gari gereji, kaweka jenereta karibu na mlango, au kaingiza jiko la mkaa ndani. Sisi tumekua na jiko la mkaa, na nyumbani dirisha liko wazi, bati lina nafasi, hewa inapita. Nyumba ya Marekani imezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na ile hewa haina harufu wala rangi, mnalala familia nzima na hamuamki. Umeme ukikatika vaeni nguo zote mlizonazo, kaeni chumba kimoja, zibeni chini ya mlango, nendeni kwa jirani au kituo cha kujihifadhi, lakini mkaa ndani hapana kabisa.

Turudi kwenye mpaka. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba majira ya baridi sehemu kubwa ya mvua, hata ile inayokufikia ikiwa maji kabisa, imeanzia juu ikiwa theluji. Inachokutana nacho njiani wakati inashuka ndo kinaamua itafika vipi. Kama hewa yote kutoka mawinguni mpaka chini iko chini ya sifuri, inafika theluji. Kama katikati, mita elfu moja au mbili juu, kuna tabaka la hewa ya joto, theluji inayeyuka ikawa tone la maji, alafu likiendelea kushuka linaingia tena kwenye baridi ya karibu na ardhi. Hiyo baridi ya chini ikiwa nene, tone linaganda likiwa bado hewani na linafika likiwa kachembe kagumu ka barafu, unakasikia kanagonga kioo cha gari. Ikiwa nyembamba, tone halipati muda wa kuganda, linafika maji ila liko chini ya sifuri, na likigusa tu lami, tawi la mti au waya wa umeme linaganda palepale. Hii mvua inayoganda ndo mbaya kuliko zote, kwasababu barabara inaonekana imelowa tu, inang'aa, na hata gari lenye magurudumu manne ya kuvuta halina la kufanya juu ya barafu. Robo inchi ya barafu kwenye matawi inatosha kuanza kuangusha miti na nyaya. Januari 1998 mvua ya aina hii ilinyesha siku kadhaa kule New England na Kanada mashariki, zaidi ya nusu ya watu wa Maine wakakosa umeme, wengine kwa wiki mbili na zaidi.

Sasa fikiria wewe ndo mtabiri. Lile tabaka la joto huko juu likiwa na nyuzi moja ya Selsiasi badala ya sifuri, mji mzima unahama kutoka theluji ya inchi 8 kwenda barafu au mvua tupu. Nyuzi moja! Na lazima ulijue hilo saa 48 kabla, juu ya kila mtaa. Hapo ndo unaelewa kwanini namba za Louisville na Lexington zinatofautiana na kwanini zinabadilika usiku kucha.

Kwa ndugu zetu wa North Carolina, Greensboro, Charlotte, Raleigh, kuna jambo la ziada. Mgandamizo mkubwa wa hewa ukikaa juu ya New England, baridi nzito inasukumwa kushuka upande wa mashariki wa Appalachia, ikifika pale kwenye milima inakwama na kujaa kama maji ya mafuriko yaliyokutana na tuta. Huko juu yake hewa ya joto kutoka Ghuba na Atlantiki inaendelea kupita. Baridi nyembamba chini, joto juu, hesabu yake ushaijua: mvua inayoganda. Ndo maana ukanda ule unapata barafu sana kuliko watu wanavyotegemea kwa mji wa kusini, na ndo maana modeli za kompyuta, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, mara nyingi zinawahi kuiondoa ile baridi kuliko inavyoondoka kweli. Ukiona utabiri wa huko unasema barafu itageuka mvua saa nne asubuhi, ongeza masaa yako mwenyewe kabla ya kutoka.

Na theluji ya maziwa ni habari nyingine kabisa. Mtu wa Bukoba au Kisumu hahitaji kuambiwa kwamba ziwa kubwa linatengeneza mvua yake lenyewe. Maziwa Makuu ya Marekani yanafanya hivohivo ila kwa theluji: mwanzoni mwa msimu maji bado yana joto la kiangazi, hewa kavu ya Kanada inapita juu yake, inachota joto na unyevu, na kama tofauti ya joto kati ya maji na hewa iliyoko kama mita 1,500 juu inafika nyuzi 13 hivi za Selsiasi, mawingu yanajijenga kwa kasi na yanamwaga theluji ng'ambo ya upande upepo unakoelekea. Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na ziwa lenyewe limelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, kwaiyo upepo ukifuata urefu wake wote unatengeneza mkanda mmoja mwembamba, upana wa kilomita kumi, ishirini, thelathini. Ndani ya mkanda huoni hata boneti ya gari lako, nje ya mkanda jua linawaka. Novemba 2022 Hamburg na Orchard Park, kusini tu mwa Buffalo, walipata theluji kama inchi 80, yaani mita mbili, wakati vitongoji vya kaskazini ambavyo unafika kwa nusu saa vilipata kidogo sana. Upepo ukigeuka nyuzi kumi tu, mkanda wote unahama. Hapa hakuna mtabiri duniani atakayekuambia siku mbili kabla kwamba mtaa wako wewe utapata inchi ngapi. Atakachokuambia kwa uhakika ni kwamba mkanda utakuwepo na utakuwa mkali. Watu wa Buffalo, na wapo Wakongo wengi pale, chukulieni hilo linatosha kujiandaa. Mwezi mmoja tu baadae, Krismasi ya 2022, kimbunga cha theluji kilipiga mji huohuo na watu zaidi ya 40 wakafariki kwenye kaunti ya mji huo, baadhi yao ndani ya magari yao na wengine majumbani wakisubiri msaada ambao haukuweza kupita.

Huko Iowa na Minnesota, Des Moines, Cedar Rapids, Minneapolis, kinachosumbua zaidi ni zile dhoruba za haraka zinazoshuka kutoka Alberta, Kanada. Hazina unyevu mwingi, zinaacha inchi mbili tatu na kuondoka, watu wanapumua, kumbe shida inakuja nyuma yake, upepo na baridi kali. Kwa Wamarekani kimbunga cha theluji hakipimwi kwa inchi zilizoanguka, kinapimwa kwa upepo wa maili 35 kwa saa, kilomita 56 hivi, na kuona chini ya robo maili kwa angalau saa tatu. Theluji yenyewe inaweza kuwa ya juzi, upepo unaiokota tu kutoka mashambani na kuirusha barabarani. Anga juu ya kichwa ni bluu na kwenye haiwei ya 35 huoni lori lililo mbele yako. Mtu anayeangalia kapicha ka jua kwenye simu anatoka na gari kwenda shifti ya usiku bila blanketi.

Ile baridi ya upepo nayo isomwe vizuri. Hewa ikiwa nyuzi 0 za Fahrenheit, ambazo ni kama -18 za kwetu, na upepo wa maili 15, mwili unapoteza joto kana kwamba ni -19 za Fahrenheit, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Dakika 30 ni mtu kukosa basi moja na kusubiri linalofuata. Mtoto akienda stendi ya basi la shule, masikio na vidole ndo vya kufunika kwanza.

Magharibi nitapita haraka. Kule California, Oregon na Washington dhoruba zinatoka Pasifiki zikiwa zimebeba unyevu wa kutisha, na swali lao ni mpaka wa theluji utakuwa kwenye kimo gani, utabiri unaandika futi 3,000 au 5,000, kwaiyo we jua tu barabara yako inapanda mpaka futi ngapi. Milimani Rockies upepo ukishuka unapata joto ghafla, na rekodi ya ajabu kabisa ni ya Spearfish, South Dakota, tarehe 22 Januari 1943, joto lilipanda kutoka -4 mpaka 45 za Fahrenheit ndani ya dakika mbili.

Pwani ya mashariki, kuanzia Washington kwenda Philadelphia, New York mpaka Boston, ndo ule mstari unaumiza watu vichwa kila mwaka. Dhoruba inajijenga baharini na kupanda sambamba na pwani, ikipita karibu sana na nchi kavu inavuta joto la bahari na miji inapata mvua, ikipita mbali sana inakosa kabisa, ikipita katikati ni theluji ya magoti. Jioni ya tarehe 26 Januari 2015 New York ilikuwa imeambiwa itarajie inchi 20 mpaka 30, magari yakapigwa marufuku barabarani, treni za chini zikasimamishwa kwa ajili ya theluji kwa mara ya kwanza katika historia yake. Dhoruba ikasogea mashariki kidogo kuliko ilivyodhaniwa, Central Park ikapata inchi 9.8. Watu wakacheka na kutukana, lakini Boston ilipata zaidi ya inchi 24, na hata kwenye kisiwa cha Long Island, ambacho kinaanzia ndani ya jiji la New York lenyewe, kuna sehemu zilipata futi mbili. Utabiri wa dhoruba ulikuwa sawa. Mstari ulihama, na jiji la watu milioni nane lilikuwa limekaa juu ya mstari. Ule usiku ulikuwa na onyo ambalo halikufika kwa watu, modeli zilikuwa hazikubaliani, na kilichotangazwa ni ile 20 mpaka 30 tu.

Ndo tunafika kwenye modeli. Mara mbili kwa siku, kwenye saa moja asubuhi na saa moja jioni za New York wakati wa baridi, puto zinarushwa kutoka vituo vya nchi nzima kwa wakati mmoja na nchi nyingine duniani, kila puto limebeba kakifaa kanakopima joto, unyevu, mgandamizo na upepo mpaka kilomita 30 na zaidi. Hizo data, pamoja na za setilaiti, ndege, maboya na rada, zinaingizwa kwenye kompyuta kubwa. Ile modeli kuu ya Marekani, GFS, inaendeshwa mara nne kwa siku, ya Ulaya inaitwa ECMWF, na kuna HRRR ambayo inaanza upya kila saa na inaangalia vitu vya ukubwa wa kilomita 3. Sasa dhoruba itakayopiga Ohio Jumamosi, Jumatano bado iko katikati ya Pasifiki ambako puto ni chache mno, setilaiti inaiona ila haiigusi. Siku inapofika nchi kavu kule magharibi, puto zinaipita ndani kwa ndani, data mpya zinaingia, na ghafla namba za Columbus zinaruka. Hiyo sio kubahatisha, ni kwamba sasa ndo wameiona vizuri.

Pia kila modeli kubwa inaendeshwa mara nyingi kwa pamoja, makumi ya mara, kila moja ikianza na tofauti ndogo. Zikikubaliana, mtabiri ana uhakika. Zikitawanyika, hana, na ofisi za National Weather Service wakati wa dhoruba zinaonyesha ule mtawanyiko kwenye ramani zao: kiasi kinachotarajiwa, kiasi cha chini, na kiasi cha juu ambacho kina nafasi moja kati ya kumi. Hizo namba tatu zina thamani kuliko ile moja ya apu. Ukiona inayotarajiwa ni inchi 4, ya chini 0 na ya juu 11, ujue umekaa juu ya mstari, na wala usibishane na jirani nani kasema kweli. Ukiona inayotarajiwa ni 4, ya chini 3 na ya juu 6, panga maisha yako.

Hiyo National Weather Service ni ya serikali, ina ofisi 122 na haiuzi kitu, unaingia weather.gov unaweka zipu kodi yako basi. Kituo chao cha College Park, Maryland, kinaandika mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri, maelezo ya nchi nzima kwa siku mbili tatu zijazo, na ofisi ya eneo lako nayo inaandika yake. Kwa maoni yangu hayo maelezo ndo hazina ambayo watu wetu hawaigusi. Ni Kiingereza cha kitaalamu kidogo, ndio, lakini tafuta tu sehemu wanaposema wana uhakika kiasi gani na joto linaingia saa ngapi, au mpe kijana wako wa sekondari akusomee.

Na yale maneno yanayotua kwenye simu yana ngazi zake. Watch maana yake kuna uwezekano, mara nyingi siku moja au mbili kabla, huu ndo wakati wa kununua chakula, dawa, maziwa ya mtoto, na kujaza mafuta. Advisory ni usumbufu, endesha taratibu. Warning ni kwamba inakuja au ishafika, usitoke kama huna lazima. Tangu Oktoba 2024 Watch na Warning za baridi kali zimebadilishwa jina zinaitwa Extreme Cold, upepo uwepo usiwepo. Kumbuka tu viwango sio sawa nchi nzima, inchi ambazo Buffalo hawazihesabu zinatosha kutoa Warning huko kusini, na wako sahihi. Tarehe 28 Januari 2014 Atlanta ilipata inchi 2 hivi, shule na ofisi zikawaachia watu wote mchana kwa wakati mmoja, barabara zikaganda, maelfu wakalala kwenye magari na watoto wakalala mashuleni. Mji hauna magari ya kutosha ya kumwaga chumvi na madereva hawajazoea, basi inchi mbili zinatosha.

Kwaiyo jioni kabla ya shifti, fungua utabiri wa saa kwa saa wa zipu kodi yako na uangalie joto linavuka 32 saa ngapi, kwasababu 32 za Fahrenheit ndo sifuri yetu. Kama mvua inakoma saa kumi na mbili jioni na joto linashuka chini ya 32 saa mbili usiku, lami haitakuwa imekauka, na saa kumi alfajiri madaraja yatakuwa barafu kabla ya barabara nyingine zote maana hayana ardhi chini ya kuyapa joto. Kwa hali ya barabara majimbo mengi yana namba 511, unapiga bure. Piga kabla hujawasha gari, na kama bosi analazimisha mje, muulize kwanza kama kaunti imefunga barabara, kuna majimbo ambayo kaunti ikitangaza hivo ukiendesha bila ruhusa unaweza kupigwa faini.